Maji ya Kumwoshea Sabrina

Sabrina alikata roho kabla ya adhuhuri, mikononi mwa mama yake, kwenye kivuli cha duka la babu yake, pikipiki ya kumpeleka kituo cha afya ikiwa bado inatafutiwa mafuta. Asubuhi ile alikuwa mzima. Alikwenda korongoni na wenzake kuchota maji, kiu ikamshika, akainama kwenye kisima cha mchangani akanywa kwa viganja. Akarudi analia kichwa. Akatapika, akaanza kuhema kama mtu aliyekimbizwa, macho yakamgeuka. Rukia, mama yake, aliendelea kumwita jina wakati watu wote waliomzunguka walikwisha kujua.

Alikuwa na miaka sita.

Malolela ni kijiji cha Wagogo na Warangi, ukiacha lami ya kwenda Kondoa ukaingia kushoto kwenye migunga. Mto wa kutiririka mwaka mzima hakuna. Kuna korongo. Mvua ikinyesha linajaa na kubeba hata ng'ombe. Kiangazi ni mchanga mtupu, na maji yako chini ya mchanga. Kila ukoo una mahali pake pa kuchimba, pamezungushiwa miiba ili mifugo isiingie, na kila mtoto wa Malolela anafundishwa kuchota taratibu ili maji yasitibuke. Yalikuwa maji matamu. Wageni kutoka mjini walikuwa wakijaza madumu kabla ya kuondoka.

Kisha Thobias akaja na mtambo wake.

Thobias hakuwa mgeni. Alizaliwa palepale, alibatizwa kwenye kanisa la palepale, akaenda mjini, akafanikiwa, akajenga nyumba huko mtaa wa Ipagala. Aliporudi kufungua mtambo wa kuchenjua dhahabu kwenye kilima kilicho juu ya korongo, watu walimshangilia. Mawe yaliletwa na malori kutoka machimboni, yakasagwa, yakalowekwa dawa kwenye matangi, na tope lililobaki likamwagwa kwenye bwawa lililochimbwa ardhini bila kutandikwa chochote. Vijana walipata kazi. Kanisa likapata paa jipya na tangi la kuvunia maji ya mvua. Msikiti nao ulipata fahali wa sikukuu ya Idi. Ndege walipoanza kuokotwa wamekufa pembezoni mwa korongo, watu walisema ni jua. Mbuzi walipoanza kuanguka wakitoka kunywa, walisema ni ugonjwa wa mbuzi. Zablon, mume wa mchungaji wa kanisa lile, alipoteza ng'ombe wawili waliokuwa wakikamuliwa, akaenda kuuliza mtamboni, akafukuzwa getini na mlinzi ambaye Zablon mwenyewe ndiye aliyempa mbuzi wa kulipia mahari.

Mchungaji Loisi Chilewa alipata habari za Sabrina akipepeta karanga uani. Aliacha ungo palepale, akajifunga kanga, akaenda. Alikuta wanawake wamekwisha kujaa nyumbani kwa Shehe Shaaban, babu wa mtoto, ambaye ndiye imamu wa Malolela na ndiye mwenye duka la pale njia panda. Wanaume walikuwa nje, wamesimama, hakuna anayemtazama mwenzake. Mtoto alikuwa ndani, juu ya mkeka, anasubiri kuoshwa, na karibu na mlango palikuwa na ndoo ya maji ambayo jirani mmoja alikuwa ameikimbilia kwa nia njema.

"Yametoka wapi haya?" Shehe aliuliza.

"Korongoni, Shehe."

Shehe Shaaban alikuwa mtu mpole, wa kusema kwa sauti ya chini mpaka watu wakamwinamia. Aliinyanyua ile ndoo kwa mikono miwili, akatembea nayo mpaka mbali, nyuma ya zizi, akaimwaga. Akarudi.

"Mjukuu wangu haoshwi na maji yaliyomuua," alisema. "Bora nimpake vumbi."

Loisi alimsogelea.

"Shikamoo, Shehe. Pole sana."

"Marahaba, mama mchungaji. Sijapoa."

"Kanisani kuna tangi la maji ya mvua. Yamebaki kidogo, lakini ni masafi. Naomba niyalete."

Mzee mmoja alikohoa, akasema labda ingefaa kwanza kuulizana, maana ni maji ya kanisa. Shehe hakumwacha amalize. "Mvua inanyeshwa na nani? Lete, mama mchungaji. Lete haraka."

Loisi na wanawake wa kwaya wakayaleta kwa ndoo vichwani. Rukia alimwosha mwanawe mwenyewe, bibi mmoja akimwelekeza, na Loisi alikaa nje ya pazia akisikia maji yakimiminwa kidogokidogo, kwa uangalifu, kama watu wanavyomimina kitu cha mwisho. Alijua paa lililokusanya maji yale lilinunuliwa na nani. Mtu yule amewawekea tangi kwa mkono huu, na kwa mkono ule amewaharibia korongo zima, na wao wamekuwa wakimwombea baraka kila Jumapili.

Baada ya mazishi Shehe alimwita kando. "Mimi nimenyamaza," alisema. "Nilikula nyama yake. Sasa sinyamazi. Wewe je?"

"Twende mjini," Loisi alisema.

Wakaenda. Loisi alibeba chupa ya maji ya korongo, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kwenye ofisi ya serikali ya mazingira walipokelewa na kijana nadhifu aitwaye Hashimu, aliyewasalimia vizuri sana, akawaamkia wote wawili, akawapa viti.

"Wazee wangu, nawaelewa kabisa," alisema. "Lakini hii ishu ina taratibu zake. Ule mtambo una vibali vyote, na mwenyewe alikuja hapa akatuhakikishia maji hayana neno."

"Kibali kinazuia sumu?" Shehe aliuliza.

"Hakuna aliyethibitisha kwamba ni sumu, mzee. Mtoto anaweza kufa kwa kitu chochote. Malaria, kuhara..."

"Na mbuzi?" Loisi alisema. "Nao walikuwa na malaria? Na kunguru wanaodondoka kwenye miiba?"

"Mama mchungaji, tusiende kwa jazba."

"Nimetoka kuzika. Unataka niende kwa nini?"

Hashimu aliisogeza ile chupa kwa ncha ya kalamu mpaka dirishani. Hakuigusa kwa kidole. "Tutapima," alisema. "Mtapata majibu."

Majibu hayakuja. Waliporudi baada ya wiki nyingi, Hashimu alikuwa safarini, na chupa ilikuwa palepale dirishani, imeshika vumbi, na mtu alikuwa ameiegemezea pazia ili lisipeperuke. Shehe aliiona kwanza. Alisimama akaitazama, kisha akatoka nje bila kuaga, jambo ambalo katika maisha yake hakuwahi kulifanya.

Siku hiyohiyo Loisi alipita kwa mkuu wa jimbo la kanisa, mzee mwenye heshima, aliyemkaribisha sebuleni na kumwagizia soda. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Loisi mwanangu, ndugu Thobias ni muumini. Ametusaidia mengi. Usiwe mwepesi wa kuhukumu. Mwombee."

"Nimwombee afanye nini, baba?"

"Mungu ambadilishe moyo."

"Sawa. Na wakati Mungu anambadilisha, watoto wanywe nini?"

Mkuu wa jimbo alimtazama kwa huzuni, kama anavyotazamwa mtu anayeanza kupotea. Loisi alisimama. Soda aliiacha haijaguswa.

Ijumaa iliyofuata, Shehe Shaaban aliwaambia watu wake kwamba maji ya korongo hayafai tena kwa udhu. Maji yanayodhuru mwili ni sawa na kukosa maji, alisema, na mtu asiye na maji anatayamamu. Tangu siku hiyo wanaume wa Malolela hawakutawadha kwa maji msikitini. Walitoka wakapanga mstari kando ya njia inayopanda mtamboni, wakapiga viganja kwenye vumbi, wakapangusa nyuso, wakapangusa mikono, malori ya Thobias yakipita mbele yao. Madereva mwanzoni walicheka. Baadaye walianza kupunguza mwendo, kisha kufunga vioo.

Si wote waliounga mkono. Vijana wa mtamboni walimtukana Shehe hadharani, kwamba anawatoa ugali mdomoni. Mzee mmoja wa kanisa alimfuata Loisi akamwambia awaachie Waislamu mambo yao. "Mambo yao?" Loisi alimjibu. "Kwani wewe unakunywa wapi?"

Mzee yule alikunywa korongoni, kama wote. Ndilo lililomkera Loisi kuliko vyote: waliendelea kunywa. Wangefanyaje? Kisima kirefu cha karibu kilikuwa kijiji cha pili, na punda wa kubebea maji walikuwa wamekufa. Walichagua visima vya mbali kidogo na kilima, wakayachemsha maji yake, ingawa kila aliyekuwa na akili alijua kuchemsha hakuondoi dawa ya dhahabu. Watoto waliota vipele. Wajawazito wawili mimba zikatoka. Rukia alikuwa akienda korongoni kila siku na fimbo kuwafukuza watoto wa watu kwenye kisima alichonywea mwanawe, na watoto walimkimbia wakidhani amerukwa na akili.

Loisi alisimamisha ubatizo. Alitangaza madhabahuni kwamba hatamwekea mtoto maji yale kichwani, na tangi la mvua limekauka, kwa hiyo wasubiri. Watu waliguna, wakakubali.

Hapo ndipo Thobias alipopiga simu. Alikuwa amepata mjukuu wa kwanza, mtoto wa binti yake Penina anayeishi Nkuhungu. Alitaka abatizwe Malolela, kwenye kanisa la babu zake. Atakuja na wageni, atachinja, kijiji kizima kitakula.

"Njooni, kaka Thobias," Loisi alisema. "Jumapili hii. Karibuni sana."

Zablon aliyasikia maongezi. Alisubiri mkewe akate simu. "Unataka kufanya nini?"

"Ibada."

"Nakujua unapoongea hivyo."

"Basi kama unanijua, nisaidie kuchota."

Walikwenda wote wawili alfajiri ya Jumapili, na Rukia akawaonyesha kisima chenyewe. Walijaza ndoo moja, wakaifunika, wakaipeleka kanisani.

Magari yakafika yamepangana, vumbi likatanda mpaka juu ya paa. Wageni walishuka wamependeza. Waliteremsha katoni za maji ya chupa, wakazipanga kivulini, na kila mgeni akashika chupa yake. Kwaya iliimba. Kanisa lilijaa, wengine wakasimama madirishani wameinua simu zao kurekodi, na nyuma kabisa, nje ya mlango, alisimama Shehe Shaaban na Rukia na baadhi ya watu wao. Loisi alikuwa amewaalika. Thobias aliketi mbele, suti ya kijivu, mjukuu amelala mikononi mwa Penina.

Ulipofika wakati, mzee wa kanisa alileta chupa mbili za maji zilizotolewa kwenye zile katoni na kuziweka kando ya beseni. Loisi alimshukuru, akaziweka chini. Akafunua ndoo.

"Ndugu zangu," alisema. "Mtoto huyu ameletwa kubatizwa Malolela, kwa sababu babu yake na babu wa babu yake ni watu wa Malolela. Tunafurahi. Basi tutatumia maji ya Malolela. Ndiyo waliyobatiziwa baba zake. Haya ni ya korongoni, yamechotwa leo."

Akamimina. Kila mtu alisikia maji yakipiga bati la beseni. Alimwita Penina kwa jina, akamwambia asogee.

Penina aliinuka. Hakuwa na habari yoyote. Aliishi mjini, alijua baba yake ana mradi wa dhahabu, basi. Alipiga hatua, akimfunua mtoto shela kichwani.

"Mama mchungaji," Thobias alisema kwa sauti ya kawaida, akitabasamu. "Maji yapo. Tumekuja na maji."

"Nimeyaona, kaka. Lakini haya ndiyo yetu."

"Tumia ya chupa."

"Kwa nini?"

"Tumia tu ya chupa, Loisi."

"Yana nini haya? Watoto wote hapa wanaoga haya. Wanakunywa haya. Wewe mwenyewe ulikwenda kwenye ofisi za watu ukasema hayana neno. Njoo basi, weka mkono wako, uyabariki, halafu nimbatize mjukuu wako."

Penina alikuwa amefika kwenye beseni. Mtoto alikuwa ameamka; aliinua mkono, kama watoto wanavyofanya, vidole vikanyooka kuelekea maji yanayong'aa. Loisi alikuwa amesimama kati yake na beseni, amelifunika kwa mwili wake, asingemruhusu mtoto yule aguse hata tone. Lakini kutoka pale alipokaa Thobias hakuliona hilo. Aliona mkono wa mjukuu wake na maji.

"Usimguse na hayo maji!" alipiga kelele. "Penina! Mtoe mtoto! Mtoe!"

Aliruka kiti, akamvuta binti yake bega mpaka mtoto akaangua kilio. Chupa ya mgeni mmoja iliangukia sakafuni ikabingirika. Hapakuwa na mtu kanisani aliyehitaji kuelezwa chochote tena.

Penina alimtazama baba yake. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilisikika mpaka madirishani.

"Baba. Kuna nini kwenye hayo maji?"

Thobias alimvuta tena, mbali na beseni.

"Anajua!" Sauti ya Rukia ilitoka mlangoni. Alikuwa ameingia, Mwislamu, na ushungi wake, katikati ya kanisa, na watu wakampisha. "Siku zote alikuwa anajua! Wa kwake anamvuta, wa kwangu akamwacha anywe! Wa kwangu hakuwa mtoto?"

Alitaka kumfikia. Loisi alimshika. Walishikana hivyo, na kwa muda hawakujua nani anamzuia nani. Wazee walimtoa Thobias kwa mlango wa pembeni. Penina alitoka kwa mlango mkubwa, peke yake, amemkumbatia mwanawe. Alikataa kupanda gari la baba yake. Aliketi kwenye msingi wa kanisa mpaka mume wake alipolileta la kwao.

Nyama ya sherehe haikuliwa. Ilibaki kwenye masufuria mpaka mbwa walipoingia.

Video ile ilisambaa kabla jua halijazama. Mjini, mpaka Kizota, walikuwa nayo, Kondoa walikuwa nayo, watu ambao Malolela hawajawahi kuisikia walikuwa wakisikilizishana: "Usimguse na hayo maji." Jumanne Loisi alipokea simu kutoka jimboni akaambiwa amesimamishwa huduma kwa kuidhalilisha sakramenti. Jumatano magari ya serikali yakaja na wataalamu waliovaa glovu, wakachota kila mahali, wakawauliza watu kwa adabu maswali ambayo watu wale walikuwa wameyajibu bila kuulizwa tangu mwanzo wa kiangazi. Sumu ilikuwepo. Ilikuwepo kwenye visima vya mchangani, kwenye tope, kwenye mizizi ya majani. Mtambo ukafungwa kwa utepe. Thobias akahojiwa, akatolewa kwa dhamana.

Watu walimpongeza Loisi. Yeye hakuona cha kupongezwa. Alipanda kilimani na Shehe wakasimama ukingoni mwa lile bwawa la tope, kubwa, la kijivu, limekaa juu ya kijiji kizima, na upande wa kusini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Mvua ya kwanza ikinyesha, hili lote liko chini," Shehe alisema.

"Yote."

"Na wao wamefunga utepe."

Loisi alicheka, kicheko kibaya, akatema mate chini.

Baada ya siku chache lori kubwa la kubebea mitambo lilionekana likipanda. Msimamizi wa Thobias, Msafiri, alikuwa mbele kwenye pikapu. Walikuwa wamekuja kung'oa mashine, pampu na matangi, kuvipeleka kusikojulikana. Bwawa lingebaki. Rukia ndiye aliyeliona lori likirudi limejaa, akapiga yowe, na wanawake wakatoka kama walivyo, wengine na mikono yenye unga, wakakaa njiani.

Msafiri alishuka. "Mama zangu, hii ni mali ya mtu. Mnavunja sheria."

"Itachukuliwa bwawa likishasafishwa," Loisi alisema.

"Wewe si umesimamishwa uchungaji? Una mamlaka gani?"

"Sina. Nimekaa tu."

Polisi waliitwa, wakaja wachache, wakiwa na mbwa mmoja aliyekuwa na kiu. Kamanda wao alikuwa ananyanyua mkono kutoa amri pale Shehe Shaaban alipojipenyeza mbele ya bampa la lori, akaadhini. Ulikuwa wakati wa adhuhuri kweli. Wanaume wakapiga viganja vumbini, wakapanga safu barabarani, wakasali. Askari wawili kati ya wale walivua kofia. Kamanda aliona si vizuri kumkokota mtu aliye kwenye sijida, akasubiri. Waislamu walipotoa salamu, Loisi alisimama akasema, "Tuombe," na Wakristo wakapiga magoti palepale. Aliomba sala ndefu. Alimtajia Mungu kila mti na kila kisima cha Malolela kwa jina. Alipomaliza, kwaya ikaanza wimbo wenye beti zisizoisha, na kabla haujafika mwisho ikawa alasiri, Shehe akaadhini tena.

Msafiri alipiga honi mpaka akachoka. Dereva wa lori, ambaye hakuwa mtu wa pale, alizima injini, akateremka, akaomba tonge la ugali.

Walikaa hivyo siku baada ya siku, wakipokezana. Hapakuwa na ujasiri wa kupendeza. Palikuwa na jua, kiu, watoto wanaolia, watu kugombana nani hakuja zamu yake. Mzee yule aliyetaka Waislamu waachiwe mambo yao alikuja, akakaa karibu na Shehe. Baadhi ya vijana wa mtamboni walikuja pia. Mmoja wao ndiye aliyewaonyesha wataalamu bomba lililofukiwa, ambalo bwawa likijaa lilikuwa linafunguliwa kuelekea korongoni. Rukia aliposikia habari za bomba hakulia. Alichukua jembe akaenda kulifukua mwenyewe, akalipiga mpaka mpini ukavunjika, akaendelea kwa mawe. Hakuna aliyemzuia.

Mwishowe amri ikatoka kwamba mashine zisiondoke mpaka tope lisafishwe kwa gharama ya mwenye mtambo. Ikaja mitambo mingine, ya kuchimba. Shimo jipya lilichimbwa mbali na korongo, likatandikwa turubai nzito, tope likahamishwa usiku na mchana. Halikuisha lote. Mvua ya kwanza ilinyesha ikiwa imebaki sehemu, na kijiji kizima, waliosali hivi na waliosali vile, kilikesha na majembe na viroba vya mchanga kuzuia lisiteremke. Sehemu kubwa ilizuilika. Wataalamu walisema korongo lisitumike mpaka watakapolipima tena, labda baada ya masika kadhaa. Wakaleta boza la maji. Linakuja siku linayojisikia.

Kesi ya Thobias inaahirishwa. Ana wakili mzuri.

Loisi hajarudishiwa kanisa. Jimbo lilileta mchungaji kijana, mpole, na Loisi anakwenda kusali, anakaa nyuma. Kinachomshangaza ni kwamba hasira haijapungua. Alidhani itaisha bwawa likiondoka. Anaamka nayo, anapika mlenda nayo, anasali nayo. Alimwambia Shehe, na Shehe akasema yake pia ipo, na hajaona aya inayomwambia aitupe kabla ya wakati.

Juzi walikuwa kwenye foleni ya boza, Loisi na Rukia pamoja, ndoo zao zimegusana, simu ilipolia. Alikuwa mkuu wa jimbo. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema mambo sasa yametulia, ndugu Thobias ameumia sana moyoni, na jimbo linapanga ibada kubwa ya upatanisho palepale Malolela, viongozi wa dini zote wataalikwa, hema litaletwa, na Loisi ataweza kurudishwa kwenye huduma siku hiyohiyo. Ilimradi asimame na Thobias mbele ya watu, washikane mikono.

"Thobias amekwisha kwenda kwa Rukia?" Loisi aliuliza.

"Nani?"

"Mama wa mtoto, baba. Mtoto aliyekufa. Amekwenda kwake? Amefika kaburini?"

Mkuu wa jimbo alisema hilo litapangwa kwenye ratiba.

Loisi aliiondoa simu sikioni. Aliitazama, kisha akampa Rukia. "Anasema tupatane. Mjibu wewe."

Rukia aliifuta mikono yake kwenye kanga, akaipokea simu kwa heshima, kama anavyopokea mtu aliyelelewa na Shehe Shaaban.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mama Sabrina." Alisikiliza kidogo. "Ndiyo, mzee. Nimekusikia. Sasa hivi bado tuna hasira. Ikituisha tutakupigia."

Akamrudishia Loisi simu yake. Mbele yao mtu wa boza alikuwa amefungua mpira, na wanawake walianza kusukumana, wakasogeza ndoo.